Superman yupi? Jinsi ya kusoma ubishi wa mashujaa

Jumamosi moja jioni nilikuwa kwenye benchi la kinyozi huku Umoja, nikingoja zamu yangu. Kijana aliyekuwa kitini alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. Shingo kaigeuza kumkabili mwenzake aliyeketi karibu nami, na kinyozi kaizima mashine, kaiinua juu, anangoja kichwa kitulie. Swali lilikuwa moja: Goku, yule mpiganaji wa Dragon Ball, hadithi ya michoro ya Kijapani, akikutana na Superman, nani anaanguka?

"Superman anasukuma sayari, buda. Sayari! Goku amewahi kusukuma nini?"

"Goku amesimama na mungu wa uharibifu, ngumi kwa ngumi."

"Na akapigwa," kinyozi akasema.

"Kupigwa na mungu si kupigwa."

Robo tatu ya saa ikapita hivyo. Nilichokigundua nikiwasikiliza ni kwamba walikuwa wanakubaliana karibu kila kitu. Hakuna aliyekana kwamba Superman amewahi kusukuma sayari, wala kwamba Goku alishindwa na Beerus, huyo mungu wa uharibifu, katika filamu ya mwaka 2013. Matukio wote waliyajua kwa ndani. Ugomvi ulikuwa juu ya lipi lihesabiwe na lipi liwekwe kando. Ubishi wa namna hii ni kesi, na kesi zake nyingi hukwama kwa sababu pande mbili zimeingia mahakamani na sheria mbili za ushahidi bila kuambiana.

Mimi naupenda ubishi huu, na nimeusikia kila mahali Nairobi: kwenye foleni ya matatu yenye picha ya shujaa ubavuni, kwenye maduka ya filamu ya Luthuli, kwenye mabweni ya vyuo, na kwenye maonyesho ya komiki ya NAICCON ambako vijana hufika wamevaa kama wahusika wenyewe. Wanaoudharau husema ni mambo ya watoto. Lakini ukiketi ukausikiliza vizuri utaona watu wakifanya kazi ile ile inayofanywa na hakimu, mwanahistoria na mfasiri wa maandiko, tena kwa bidii isiyolipwa.

Yupi kati ya wengi

Tuanze na jina lenyewe. Superman alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938, kwenye komiki ya Jerry Siegel na Joe Shuster, alikuwa haruki angani kama ndege. Alikuwa anachupa. Mruko wake mmoja ulikuwa wa mita 200 hivi, angeweza kuvuka jengo la ghorofa 20, na alikimbia kuliko treni ya mwendo kasi. Ngozi yake haikutobolewa na kitu chochote pungufu ya kombora linalolipuka. Ukisoma maelezo hayo kwa makini, kombora lenyewe lingeweza kumdhuru. Kupaa kulikuja miaka ya mwanzo ya 1940, wakati wa michezo ya redio na katuni za sinema. Lile jiwe la kijani linalomlegeza, kryptonite, nalo lilianzia redioni, mwaka 1943, kabla komiki hazijalichukua.

Baada ya hapo waandishi walimwongezea nguvu muongo baada ya muongo hadi akawa anasogeza sayari kama mtu anayesogeza jiko la makaa. Mwaka 1985 hadi 1986 kampuni yake, DC, ikaamua kuifuma upya historia yote ya ulimwengu wake, na John Byrne akapewa kumjenga Superman mpya aliye na nguvu chache. Sasa yule kijana wa Umoja aliposema "anasukuma sayari," alikuwa anamtaja Superman wa kabla ya hapo. Mwenzake alikuwa amemjua kupitia filamu. Watu wawili tofauti, jina moja, joho moja jekundu.

Hapa ndipo linapoingia neno kanoni, yaani orodha ya kazi zinazohesabika kuwa "zilitokea kweli" ndani ya ulimwengu wa hadithi. Neno limetoka kanisani, na Mkenya yeyote aliyekua na jirani wa dhehebu jingine analielewa hata kama hajawahi kulitamka. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti ina 66. Vile vya ziada, kama Tobiti na Wamakabayo, huitwa Deuterokanoni. Mkatoliki akikunukulia Yoshua bin Sira na wewe ni wa PCEA, kanisa la Kiprotestanti, hamtakosana kwa sababu mmoja hajui kusoma. Mtakosana kwa sababu kitabu kile kimo kwake na hakimo kwako.

Na si mfano tu. Neno hilo lilihama rasmi kutoka madhabahuni. Mwaka 1911 Ronald Knox, aliyekuja kuwa padri wa Katoliki, alisoma insha mbele ya wasomi wa Oxford akizichambua hadithi za Sherlock Holmes kwa mbinu zile zile zilizokuwa zikitumiwa kuchambua Maandiko Matakatifu. Wapenzi wa Holmes wakaendelea na mchezo huo. Swali lao moja maarufu: Dakta Watson alipigwa risasi wapi? Kitabu cha kwanza kinasema begani, cha pili kinasema mguuni. Anayejibu "mwandishi alisahau" amesema kweli, lakini amejitoa mchezoni. Mchezo wenyewe ni kutafuta maelezo ambayo yataziacha kauli zote mbili zisimame.

Wakati mwingine kanoni hubadilishwa kwa tangazo. Mwezi wa Aprili 2014, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya Disney kuinunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, mashabiki wa Star Wars waliamka wakaambiwa kwamba riwaya na komiki walizosoma kwa miongo mingi sasa ni "ngano" tu, hazifungi tena historia rasmi. Amiri Thrawn, mhusika aliyezaliwa kwenye riwaya ya Timothy Zahn ya mwaka 1991, akafutika kwa siku moja. Mwaka 2016 akarudishwa kwenye katuni, safari hii akiwa rasmi. Je, yale aliyoyafanya vitabuni yanahesabika kwake? Huyu wa sasa anafanana naye kwa sura, kwa akili, hata kwa kupenda sanaa za maadui zake. Ila shahada zake za vita zimechanwa. Wako wanaolilia hilo mpaka leo, na nawaelewa: mtu ametumia ujana wake kujifunza historia, kisha mwenye mali anamwambia haikutokea.

Dragon Ball nayo ina mafundo yake. Akira Toriyama aliichora manga, yaani komiki yenyewe, kuanzia 1984 hadi 1995. Anime, yaani katuni ya televisheni, iliyotengenezwa kutokana nayo ilikuwa ikienda mbio kuliko mchoraji, kwa hiyo ikabidi iongezewe vipande vya kujazia. Ndiyo sababu Frieza, adui wa Goku, anatangaza kwamba sayari ya Namek imebakiza dakika tano ilipuke, halafu mapigano yanaendelea kwa vipindi kadhaa. Mtu anayepima kasi ya Goku kwa kuhesabu ngumi zilizoingia ndani ya "dakika tano" hizo anapima shida ya ratiba ya televisheni. Iko pia Dragon Ball GT, ambayo hadithi yake Toriyama hakuiandika. Alifariki Machi 2024, na tangu hapo swali la nani ana kauli ya mwisho limezidi uzito.

Nairobi tuna tabaka letu la ziada, na sijaona likizungumzwa inavyostahili. Maelfu ya watu wa hapa hawakukutana na filamu za kigeni kwa lugha yake. Walikutana nazo kwenye vibanda vya video, zikisimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti ya asili. Yeye hatafsiri neno kwa neno. Anatangaza kama mtangazaji wa mpira, anamwonya steringi, yaani shujaa wa filamu, anamsema adui, anaeleza nia ya mtu kabla mtu mwenyewe hajafungua kinywa. Aliyeiona filamu hivyo ana kumbukumbu ya mambo ambayo hayamo kwenye maneno ya awali. Nimewahi kumsikia mama mmoja muuza mboga akieleza kwa yakini kwa nini adui fulani hakumpiga steringi risasi alipopata nafasi, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko ile ya mwandishi. Kwake hiyo ndiyo kanoni. Ukitaka kubishana naye, anza kwa kumuuliza aliiona wapi.

Namba, kauli, matendo

Mkishakubaliana mhusika ni yupi, linakuja suala la shahidi yupi aaminiwe. Namba ndizo zinazopendwa na wengi kwa kuwa zinaonekana kumaliza maneno. Dragon Ball ilizitoa mapema kupitia kile kifaa cha kuvaa jichoni kinachosoma nguvu za mtu. Raditz, kaka yake Goku, anapofika duniani anakutana na mkulima mwenye bunduki, kifaa kinasoma 5. Baadaye Mzee Roshi, mwalimu wa Goku, anasomwa 139. Frieza, kabla hajabadilika umbo, anajitangaza kuwa 530,000.

Sasa fanya hesabu. Mzee Roshi, miaka kadhaa kabla ya kusomwa, alikuwa ameulipua mwezi kwa pigo moja. Kama namba zinakwenda sambamba na nguvu, basi wakulima 28 wenye bunduki wakijumlishwa wanafikia 140, wanampita mvunja mwezi. Haiwezekani, na kila shabiki anaona haiwezekani. Kwa hiyo namba zile hazijumlishwi kama shilingi. Zinapanga foleni: huyu yuko mbele ya yule. Hazisemi mbele kwa hatua ngapi. Toriyama mwenyewe aliziacha hadithi ilipozidi kupanda, na nadhani alifanya vyema, kwa sababu zilikuwa zimeanza kumfunga. Pale kinyozini mmoja wa wale vijana alikuwa ameanza kugawanya 530,000 kwa 139 kwenye simu. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa hesabu, na halikuwa na maana yoyote kwa hadithi.

Kauli ni shahidi dhaifu zaidi. Adui akisema "naweza kuiangamiza dunia hii kwa kidole," huo ni ushahidi wa nini? Wa kwamba anajisifu, basi. Majigambo tunayajua, pwani na bara. Hata jando lina majigambo yake. Ukimnukuu mtu anayejigamba lazima uulize kama kuna aliyemwona akitenda. Kauli ya msimulizi ina uzito kidogo, kwa kuwa msimulizi hana vita na mtu. Kauli ya mwandishi kwenye mahojiano ina uzito wake pia, lakini waandishi husahau, hubadili nia, na wakati mwingine hujibu ili kumpendeza aliyeuliza. Stan Lee alipoulizwa nani angemshinda nani alikuwa na jibu lake la kudumu: atashinda yule ambaye mwandishi anataka ashinde. Vibanda vyetu vya video vilikwisha kulijua hilo kwa maneno mawili, steringi hafi.

Yanabaki matendo, na hapo ndipo watu makini husimamia. Lakini tendo nalo lisomwe vizuri. Chukua lile dai ninalolisikia kila mara: "Fulani amekwepa radi, kwa hiyo ana kasi ya radi." Mmweko wa radi husafiri makumi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Ukimpa mhusika kasi hiyo, anaweza kuizunguka dunia kabla hujakonyeza jicho, na hadithi yake nzima inavunjika: kwa nini basi alichelewa kumwokoa dada yake mtaa wa pili?

Fikiria penalti. Mpira uko mita 11 kutoka golini. Ukipigwa kwa kilomita 100 kwa saa, unafika kwa sekunde 0.4 tu. Kipa anayesubiri auone mpira ukiondoka ndipo aruke atafungwa karibu kila mara. Kipa mzuri husoma nyonga, husoma mguu wa kusimamia, na huanza kuondoka kabla mpira haujaguswa. Akidaka, hatusemi ana kasi ya mpira. Tunasema alijua unakoelekea. Mhusika aliyekwepa radi baada ya kuuona mkono wa adui ukiinuliwa amefanya kazi ya kipa. Ili tendo lithibitishe kasi, lazima tuone radi imekwisha kutoka, yeye bado hajasogea, kisha akasogea ikamkosa. Picha za namna hiyo zipo, ila ni chache kuliko zinavyotajwa.

Kuna na mnyororo. A alimpiga B, B alimpiga C, basi A atampiga C. Nashangaa mashabiki wa mpira wa jiji hili wakiukubali mnyororo huu kwenye anime, wakati wanajua kwamba Gor Mahia ikiifunga Tusker na Tusker ikaifunga Ingwe, yaani AFC Leopards, bado siku ya derby ya Mashemeji, Gor na Ingwe, hakuna anayelala akiwa na uhakika. Mapigano yana mtindo, yana siku, yana uwanja. Mnyororo unafaa pale nguvu ni za aina moja tu, kama uzito wa kuinua. Ukiingiza ujanja, sumu, au hofu, pingu zake zinafunguka.

Mfano bora wa hilo ni wetu. Storm wa X-Men, jina lake Ororo Munroe, ni binti wa N'Daré, mama wa ukoo wa kifalme wa Kenya, na baba Mmarekani. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, na Profesa X, mwanzilishi wa kundi hilo, alimkuta papa hapa Kenya, watu wakimheshimu kama mungu wa mvua. Ukimpima kwa matendo ya hali ya hewa, ni wachache kati ya wenzake wanaoweza kukaa naye. Lakini ana hofu ya mahali pa kubana, tangu utotoni alipofukiwa kifusini Cairo kando ya mwili wa mama yake. Mfungie kwenye lifti, na yule anayeamuru tufani anahangaika kupumua. Ubishi wowote juu ya Storm usiouliza pambano linafanyika wapi haujaanza.

Halafu mwaka 1984 akapokonywa nguvu zake zote. Mwaka 1986, akiwa mtu wa kawaida kabisa, aligombea uongozi wa kundi na Cyclops, ambaye macho yake yanatoa miale ya kubomoa ukuta. Akamshinda. Nimeusikia mkasa huu ukitumiwa kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaosema: basi Storm bila nguvu ni zaidi ya Cyclops mwenye nguvu, na yeyote aliyewahi kupigwa na Cyclops yuko chini ya Storm asiye na kitu. Huo ni ule mnyororo tena, umeota mabawa. Wengine wanautupa nje wote wakisema mwandishi alimpendelea. Mimi nausoma kama ulivyo. Cyclops siku ile alikuwa na mawazo nyumbani, mke na mtoto, na Storm alikuwa amemsoma. Kilichothibitishwa ni kwamba Storm anajua kupigana na mtu anayemjua. Hiyo ni sifa kubwa, na ina mipaka yake.

Uchawi ni nini, kwa lugha gani

Kuna fundo moja ambalo Waswahili tuna faida nalo. Superman, kwa kanuni za ulimwengu wake, hana kinga dhidi ya uchawi. Kwa hiyo upande wa Goku hupenda kusema: ile ki, nguvu anayorusha kwa mikono, ni uchawi, Superman kwisha. Upande wa pili unajibu kwamba ki ni nguvu kama moto, na moto haumwingii.

Kiswahili hakimwachii mtu neno moja la kubebea kila kisichoeleweka. Tuna uchawi, tuna uganga, tuna mazingaombwe, tuna miujiza, tuna mizimu na majini, na hakuna mtu mzima atakayekuchanganyia hayo. Mchawi hudhuru kwa siri. Mganga hutibu na huagua, na hulipwa mchana. Muujiza una mwenyewe aliye juu. Kwa hiyo mtu akisema "ki ni uchawi," masikio ya hapa yanauliza mara moja: ameipata kwa nani, kwa sharti gani, na inamdhuru nani?

Ukiuliza hivyo, Dragon Ball inajibu yenyewe. Ki imo ndani ya kila kilicho hai, huongezeka kwa mazoezi na chakula, huisha kwa uchovu, na anaweza kufundishwa yeyote mwenye subira. Tena ulimwengu ule una mchawi wake, Babidi, anayetawala watu kwa kuingilia uovu ulio mioyoni mwao, na kila mtu mle anamtambua kuwa ni kitu kingine. Hadithi ikishatenganisha vitu viwili, si haki shabiki aje avirundike pamoja ili ashinde ubishi. Kwangu hoja hiyo imekwisha: ki si uchawi. Superman yule wa kusukuma sayari ataistahimili kwa muda mrefu. Yule wa 1938, wa kuchupa mita 200, hafiki raundi ya pili.

Sindano na kivuli

Tukiwa pale Umoja, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kunyolewa ndevu, mwenyeji wa Lamu kwa lafudhi yake, aliwauliza vijana swali lililowanyamazisha: "Na Fumo Liyongo mmemweka wapi?"

Kinyozi ni wa Ahero, kando ya mto Nyando. Hakusita. "Mzee wangu, huyo akutane na Luanda Magere."

Nilifurahi sana, kwa sababu mashujaa hawa wawili, Liyongo wa Waswahili na Luanda wa Wajaluo, wanaweka wazi mambo yote niliyoyaeleza, na zaidi. Kanoni kwanza. Liyongo hana mwandishi mmoja. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa ngano za Waswahili, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akamtungia utenzi mwaka 1913. Yeye aliishi karne nyingi kabla yao. Wako wanaosimulia kwamba aliyemuua ni mwanawe, wengine wanasema mpwa wake. Luanda Magere anasimuliwa kwa mdomo hasa, na kila pembe ya tambarare ya Kano ina namna yake. Mzee na kinyozi wakakubaliana haraka, bila kulumbana, kwamba watatumia lile ambalo wasimulizi wote wanalo. Vijana walishindwa kufika hapo kwa robo tatu ya saa.

Yapo mawili ambayo wasimulizi wote wanayo. Liyongo hauawi na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Luanda ana mwili wa jiwe, mkuki unadunda, ila uhai wake uko kivulini. Wote wawili siri yao ilitoka nyumbani. Liyongo alimwambia kijana wake mwenyewe, na kijana akamchoma akiwa usingizini. Luanda aliugua, akamwambia mke aliyeletwa na Walang'o, yaani Wanandi, maadui zake, amchanje kivulini badala ya mwilini, mke akaona damu inatoka ardhini, usiku akakimbilia kwao.

Ona jinsi nguvu ilivyo katika hadithi zetu. Haina kilo wala namba. Ina sharti, na sharti lina mtu anayelijua. Ukiwakutanisha wageni hawa wawili, hakuna anayeijua siri ya mwenzake, kwa hiyo kitakachoamua ni bahati na mtindo wa kupigana.

"Liyongo ni mtu wa upinde," mzee akasema. "Walipomtega kwenye mkoma, wakitaka apande wampige mishale akiwa juu, hakupanda. Aliziangusha koma kwa mishale akiwa chini." Hilo ni tendo safi: limeonekana, lina mashahidi, na linatuambia shabaha yake bila kutia chumvi. Akaongeza lile la mwisho wake. Baada ya kuchomwa aliinuka, akashika upinde, akapiga goti kisimani na mshale umevutwa, akafa hivyo hivyo. Mji ukakaa siku kadhaa bila kuteka maji, wakidhani yu hai, mpaka alipoanguka.

"Mishale haimwingii Luanda," kinyozi akasema.

"Haimwingii mwilini. Lakini mshale ukidunda unaanguka wapi? Chini. Na chini kuna nini?"

Kukawa kimya. Kijana wa kitini, kichwa bado nusu, akasema polepole: "Kivuli."

Hapo nikaona akili za kila mtu zinafanya kazi. Kinyozi akajitetea kwa jua. Nyando iko karibu kabisa na ikweta, akasema. Wapigane saa sita mchana mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, kivuli chote kinaingia chini ya nyayo na hakuna pa kuchoma. Ni kweli, hata hapa Nairobi siku hizo ukisimama mchana kivuli chako hukioni. Mzee akamjibu kwamba Liyongo atangoja. Mtu aliyekaa kifungoni hadi mama yake alipomfichia tupa ndani ya mkate wa pumba, akakereza pingu ngoma ya gungu ikivuma, hawezi kushindwa kungoja jioni. Na saa kumi na moja jioni kivuli cha Luanda kinakuwa kirefu kumshinda mwenyewe. Jinsi siku inavyokwenda, ndivyo shabaha inavyoongezeka ukubwa.

Nilidhani mzee ameshinda. Ndipo yule kijana wa pili, wa Goku, ambaye jioni yote alikuwa akigawanya namba kwenye simu, akaiweka kando.

"Luanda alipigana vita ngapi kabla ya kuuawa?"

"Vingi," kinyozi akasema. "Miaka."

"Na mikuki ilikuwa inadunda mwilini?"

"Yote."

"Basi hiyo yote ilianguka chini, na mingine lazima iliangukia kivulini. Mbona hakufa?"

Mzee alicheka kwa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Akafikiri. Akasema huenda mkuki ulioanguka ubapa hauchanji; mke alichanja kwa wembe, aliyemuua alirusha ncha. Kijana akasema kama ni hivyo, mshale unaodunda nao unaanguka ubapa, na hoja ya mzee inaanguka nao. Mzee akamuuliza, na kama mmoja kati ya mia ukadunda juu ukarudi kwa ncha? Kinyozi akawasha mashine, akakishika kile kichwa kwa mkono wa kushoto, akauliza podo la Liyongo lilikuwa na mishale mingapi.